Miezi saba nangoja meli

Imeili yenyewe ilikuwa mistari mitano. Kwamba nimepita intaviu, kwamba jina langu limeingizwa kwenye orodha ya wanaongoja kupangiwa meli, na nafasi ikipatikana watanitafuta. Mpishi msaidizi, jiko la meli ya watalii. Siku ya kwanza niliisoma kama barua ya posa, nikamsomea mama, nikamsomea jirani, nikaipiga picha nikajitumia mwenyewe kwa wasapu isije ikapotea. Leo ni miezi saba na siku kadhaa na naisoma kama risiti ya tokeni ya stima. Hakuna tarehe, hakuna jina la meli, hakuna ata mtu wa kumuuliza manake ukijibu ile imeili yarudi yenyewe, ati anwani hii haipokei ujumbe.

Na kila nikikutana na mtu mtaani (nakaa Kisauni, kwa hivyo hao watu ni wengi) swali ni moja, "bado?", na jibu ni moja, "bado", alafu anakwambia subira yavuta heri. Nimeambiwa subira yavuta heri mpaka nimechoka, hiyo heri yenyewe sijui yavutwa na mkokoteni.

Kwa wale wa bara mnaodhani sisi wa Mombasa tukitaka kazi ya meli twashuka tu bandarini Kilindini na begi, ngojeni niwaambie. Kwanza ni vyeti vya usalama vya STCW, huo ni mkataba wa kimataifa wa 1978 wa mafunzo ya mabaharia, na ata kama kazi yako melini itakuwa kukata vitunguu kuanzia asubuhi mpaka jioni lazima ujue kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa majini na namna ya kuishi na wenzio bila kuhatarishana. Cha moto na cha majini wavirudia kila miaka 5. Sasa mimi nimezaliwa nasikia bahari na kuogelea sijui, chekeni tu, si peke yangu. Siku ya bwawa tukavalishwa majaketi ya kuokolea, tukapandishwa juu kwenye kibaraza, mwalimu akasema mkono mmoja uzibe pua, mwingine ushike jaketi kwa nguvu, miguu ipishane, na usiangalie chini, angalia mbele. Nikaangalia chini. Nilisimama pale nadhani dakika nzima, nyuma yangu foleni, kuna kijana mmoja wa Likoni ananiambia "dada twende tukale", na kwa kweli nilichorukia ni aibu si ujasiri. Maji yaliingia mpaka masikioni. Alafu ndo waambiwa boya kubwa la mpira limepinduka, ulipindue liwe sawa, ukiwa majini, ukiwa umevaa hilo jaketi linalokusukuma kidevu. Nilipindua. Jaribio la tatu lakini nilipindua.

Baada ya hapo pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha afya ambacho ni cha miaka 2 tu, na chanjo ya homa ya manjano ambayo tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Naipenda ile kadi ya manjano, ni karatasi katika bahasha yangu isiyonikimbiza. Zingine nyingi zina tarehe ya kufa. Visa bado, manake visa ya mabaharia ya Marekani yataka barua ya meli kwanza, na barua ndo hiyo tunayongoja.

Kitu kingine kabla sijasahau, manake vijana wananiuliza sana. Ukiambiwa toa pesa upate nafasi melini, kimbia. Ule mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, Kenya iliuridhia 2014, wasema wazi baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Unacholipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, na ata visa gharama yake ni ya mwenye meli. Kozi ni zako za kusoma, sawa, lakini "ada ya kukuingiza" hakuna. Binamu yangu alitoa pesa za minazi ya bibi yake kumpa jamaa mmoja, shati safi, fomu za rangi, maneno matamu kama halua, na mpaka leo ukipiga namba ya jamaa ni mteja hapatikani kwa sasa.

Haya. Turudi kwa kungoja.

Nilipopata ile imeili nilikuwa nishaanza kazi kwa Bimkubwa mmoja ana hoteli ya mahamri na mbaazi karibu na Mwembe Tayari. Meza nne, mabenchi, jiko la makaa mawili na la gesi moja. Naingia saa kumi alfajiri natoka saa nane mchana. Kazi nilipewa nikiwa ndo nimemaliza kozi, nikajiambia ni ya mwezi mmoja, miwili, nikingoja simu. Na hapo ndo nilipokosea, manake ukishajiambia hivo, kila kitu wakifanya nusu. Godoro langu limelala katikati kama mtumbwi nikasema sinunui lingine, si naondoka. Feni ikaanza kulia nikasema si naondoka. Mahamri nikayakata makubwa madogo, pembe tatu zingine ziko kama ramani, nikasema aah, nani atakumbuka, si naondoka. Mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili. Nilikuwa naishi kama mtu aliyekaa steji na begi mapajani.

Alafu kukatokea siku ya mbaazi.

Mbaazi za nazi zina mahali pa kushikilia pumzi. Zimelowekwa usiku, zimechemka zimeiva, watia lile tui la pili jepesi zijipikie, na mwisho kabisa ndo latiwa tui zito la kwanza, na hapo huondoki, wakoroga taratibu upande mmoja moto ukiwa mdogo manake likichemka vibaya lakatika, na ukiliacha lashika chini. Mimi mkono mmoja una mwiko, mwingine simu. Nilikuwa narifreshi imeili. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, jamani, narifreshi imeili. Nilichosikia kwanza ni harufu, ile ya nazi iliyoungua ambayo haifichiki, ukimwaga maji wapi, ukitia iliki wapi. Nikabadilisha sufuria nikaacha yaliyoshika chini, nikajidanganya imeisha.

Kuna mzee mmoja huja kila siku akitoka kuswali alfajiri, mahamri mawili, bakuli ya mbaazi, kahawa chungu. Hasemi sana. Siku hiyo akala kijiko kimoja, akakaa, akala cha pili, akasukuma bakuli mbele kidogo hivi, kwa kidole, akala mahamri makavu na kahawa. Alafu akalipa pesa yote, akaniambia "ahsante mwanangu", akaenda. Angenitukana ningelala vizuri.

Bimkubwa alikuwa ameona kila kitu. Hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele. Alisubiri wateja wapungue akaniuliza, "Hiyo simu ndo italipa unga?" Nikanyamaza. Akaongeza, "Mimi sikukatazi meli. Lakini hapa ukija, uje wote."

Uje wote. Nilienda nyumbani nimekasirika, niwe mkweli. Nilisema moyoni yeye hajui mimi nina vyeti, mimi si wa hapa. Nikalala kwenye lile godoro mtumbwi na feni yalia, nikafikiri kwani mimi wa wapi basi? Manake melini sipo. Na hapa pia sipo.

Kesho yake nilifanya kitu kimoja cha kijinga ambacho kilinisaidia kuliko dua zote za jirani. Nilipiga hesabu ya saa. Ofisi inayopanga wafanyakazi iko Miami, na Miami wako nyuma yetu saa 7 au 8 kulingana na majira yao. Mimi nikikoroga tui saa kumi na moja alfajiri, kule ni usiku, huyo mtu wa kunipangia meli labda ndo ajiandaa kulala. Akiingia ofisini saa tatu yake ya asubuhi, kwangu ni saa kumi au saa kumi na moja jioni. Yaani miezi miwili yote nilikuwa nachungulia dirisha la duka lililofungwa. Nikaamua simu haiangaliwi imeili kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumamosi na Jumapili kabisa la. Siku tatu za kwanza mkono ulikuwa wawasha. Wiki ya pili nikagundua nimemaliza sufuria nzima ya mbaazi bila kukumbuka Miami iko upande gani.

Sasa sehemu ambayo Bimkubwa hunicheka mpaka leo. Kwenye intaviu waliniuliza chakula cha moto kinakaa nyuzi ngapi na cha baridi ngapi, nikajibu cha moto vizuri, cha baridi nikababaika. Ikaniuma. Kwa sheria za afya za meli zinazoingia Marekani, cha moto ni nyuzi 57 kwenda juu na cha baridi ni 5 kushuka chini, za Selsiasi. Wana wakaguzi wao wanaopanda meli bila kupiga hodi, wanafungua mafriji, wanapima, wanatoa alama kwa 100, na ukipata 85 kushuka umefeli. Nikasema kama naingojea hiyo kazi, wacha nianze kuifanya nikiwa hapa hapa Mwembe Tayari. Nikanunua kipimajoto cha chakula. Saa mbili asubuhi nikatia kwenye sufuria ya mbaazi iliyo mezani, nyuzi 49. Nikashtuka. Bimkubwa akauliza, "Wazipima homa?"

Kumbe tatizo lilikuwa kijana wetu wa kuhudumu, akichota huacha kifuniko kimekaa upande, na sufuria yenyewe tunaiweka mbali na moto kwa sababu tumezoea. Tukaihamishia juu ya majivu ya moto, kifuniko kikae sawa. Ikapanda 60 na kitu. Wateja hawajui habari ya nyuzi, lakini kuna mama mmoja muuza mboga alisema siku hizi mbaazi zenu zafika mezani zimoto, akaanza kuja na wenzake.

Alafu ndoo tatu. Melini nyekundu ni ya sabuni, ya kijivu ya kusuuza, nyeupe ya dawa ya kuua vijidudu. Nimezunguka Marikiti yote natafuta ndoo ya kijivu, muuzaji mmoja akaniuliza kwani maji yatajua rangi? Nikachukua ya bluu. Na mbaazi zilobaki, hapo ndo pagumu. Sheria yasema chakula kilichopikwa kitoke nyuzi 57 kifike 21 ndani ya saa 2, alafu kifike 5 ndani ya saa 4 zingine. Jamani, Mombasa mwezi wa pili chumba chenyewe ni 32, kitapoa kwenda wapi? Kwa hivyo tukaanza kugawa kwenye masufuria madogo tunaweka ndani ya karai la barafu, twakoroga, na kama zimebaki chache twagawa tu, watoto hawakosekani. Nilikagua hoteli nzima kwa ile fomu ya alama niliyoipata mtandaoni nikatupa 61. Bimkubwa alikasirika kweli, ati hoteli yangu miaka yote hii nipewe 61 na mtoto juzi tu. Mwezi jana tulifika 83. Choo ndo kinatushusha.

Lakini nisiwadanganye. Kuna watu huko mitandaoni watakwambia jitume, dunia itaona, mlango utafunguka. Uongo. Mahamri yangu hayafiki Miami. Yule mtu wa kupanga wafanyakazi anaangalia nafasi, nani amemaliza mkataba, meli gani imeingia kwenye ukarabati, wapi kumekosekana mtu, na hapo ndo jina langu litachotwa au halitachotwa. Hajui kama leo nimekata pembe tatu sawa sawa. Mwaka 2020 mwezi wa tatu meli za watalii zilisimama karibu dunia nzima kwa ajili ya korona, na watu walikuwa na tiketi za ndege mkononi, watu wazuri, wachapa kazi kunishinda. Wakarudi kuuza viazi karai. Juhudi zao zilikuwa na kasoro gani?

Na wivu upo pia. Mwenzangu tuliyeruka naye bwawani, yule yule wa "dada twende tukale", aliitwa baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Akaweka status, yuko uwanja wa ndege, kofia, sanduku jipya. Nikamtumia pongezi na maua matano, alafu nikaweka simu chini nikalala mchana mzima na sikuwa mgonjwa. Saa hii nshazoea. Juzi kanitumia voisnoti kutoka bahari ya Karibi, analalamika miguu, anasema kazi yafika saa 14 kwa siku wakati mwingine, ambayo ndo mwisho wa sheria, na kwa wiki haifai kupita 72. Nikahesabu zangu, saa 10 kwa siku mara 6, nikamwambia mimi niko ndani ya sheria. Akacheka mpaka sauti ikakatika.

Jumapili zingine naenda Mama Ngina, pale pa kupumzikia kando ya bahari, nanunua mihogo ya kukaanga ya pilipili na ndimu, nakaa ukutani. Meli zinazoingia zapita pale kwenye mlango wa bandari karibu mno, ikiwa ni ya watalii waona watu wamejaa kwenye roshani wanapiga picha na sisi tunawapiga wao. Zamani nikiiona nilikuwa naangalia juu, kwenye taa na madirisha. Siku hizi naangalia chini karibu na maji, nikijiuliza jiko lao liko upande gani, na kuna dada gani yuko huko ndani hajui ata kama wamefika Mombasa manake ana masinia 40 ya mayai.

Sasa lililonifanya niandike leo. Wiki mbili zilizopita Bimkubwa aliniita nyuma kwenye magunia ya makaa, akaniambia magoti yamekataa, yataka apumzike, na angependa mimi niishike hoteli, yeye awe aja tu kuangalia, faida tugawane. Moyo ulipiga. Ningekuwa yule wa mwezi wa kwanza ningesema ndiyo nikanyamaza kuhusu mengine. Nikamwambia, "Bimkubwa, nikiitwa nitaenda, na wakiita wanaweza kunipa wiki mbili tu, labda chini ya hapo." Akasema, "Hilo nalijua, kwani mimi kiziwi? Nakuuliza usipoitwa kesho, kesho utakuwa wapi?" Nikasema hapa. "Basi."

Kwa hivyo nimekubali, kwa sharti langu moja, kwamba huyu kijana wetu wa kuhudumu ajifunze kila kitu ninachofanya mimi, ili siku ikifika nisimwachie mama wa watu jiko bila mpishi. Na hii kazi ya kumfundisha mtu achukue nafasi yako kwa safari ambayo huenda isiwepo, wallahi ni ngeni. Kuna siku nakuwa mchoyo. Nilimficha kipimo cha iliki kwa siku nne, nikijiambia hajafika hapo, kumbe naogopa akijua yote na mimi nisiitwe nitabaki nani? Siku ya tano nikamwambia. Akaandika kwenye mkono kwa kalamu.

Mkono wake ni mzuri kunishinda kwenye kukanda. Unga unamtii. Tatizo lake ni tui, ana haraka, ataka kutia lote kwa pamoja, na nimeshamwambia mara ngapi la pili kwanza, zito mwisho, na usiende popote. Pia nimemnyang'anya simu jikoni. Alinuna. Nikamwonyesha ile sufuria ya siku ile, bado ina alama nyeusi chini haitoki ata kwa mchanga, nikamsimulia habari ya mzee na kile kidole. Hakuuliza tena.

Godoro nimenunua, la inchi 6. Feni imetengenezwa, fundi alitia mafuta tu, dakika kumi.

Leo ni Ijumaa, saa tatu usiku, nimeangalia imeili saa kumi na moja jioni, kuna tangazo la viatu na mtu ataka kunikopesha pesa. Kesho kijana ndo atapika mbaazi peke yake kwa mara ya kwanza, mimi nitakuwa kwenye mahamri na nimeapa siendi upande wake. Amenipigia simu sasa hivi mara mbili. Ya kwanza kuuliza mbaazi alowekee maji ya moto au ya baridi. Ya pili kuuliza, dada, kama yule mzee akisukuma bakuli nifanye nini? Nimemwambia ampelekee kahawa nyingine, asimtoze, na alale, manake nazi ni 20 na mbuzi ya kukunia ni moja.